Alama ya Jino la Kwanza

Nitaanza na rangi ya kucha, kwa sababu hiyo ndiyo ilitumaliza, na kwa sababu ilikuwa yangu.

Ilikuwa maruni. Valentine, binti yetu, aliniletea Krismasi moja. Nikaipaka Jumapili, nikaenda kanisani, na akina mama wakaniangalia vidole ibada nzima kana kwamba nimeiba. Nikaitoa, nikaitupa juu ya kabati. Mume wangu Phanuel akaiona, akaniuliza kama bado naitaka. Nikamwambia chukua, kwani wewe pia unataka kupendeza? Akacheka, akatoka nayo kwenda kibandani kwake.

Phanuel ananoa cheni za power saw, ile misumeno ya injini. Ananoa, nasema. Ulimi umezoea. Alikuwa ananoa. Kibanda chake kilikuwa hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, mbele ya mlango wetu kabisa, mimi nikikaanga mandazi upande huu na yeye akinoa upande ule, na kila neno lililosemwa pale nililisikia. Wateja wake walikuwa vijana wanaoenda kukata miti kwenye maboma ya Lavington. Tajiri akiona mti umeegemea ukuta wake, anawaita. Asubuhi wanapitia kwa Phanuel kuchukua cheni, jioni wanazirudisha butu, na maneno mengi.

Kazi yenyewe ni ya kukaa chini. Cheni unaibana kwenye vaisi, unashika tupa ya mviringo, nyembamba kama penseli, unapitisha kwenye kila jino, kwa upande mmoja, kwa nguvu zile zile. Ukilinoa jino moja zaidi ya mwenzake, power saw inakata ikipinda. Na cheni ni duara, haina mwanzo wala mwisho. Ukianza bila kuweka alama utajikuta umerudia meno mengine na mengine umeyaruka. Kwa hivyo fundi huweka alama kwenye jino la kwanza. Akizunguka akalikuta tena, amemaliza. Wengine huweka chaki, inafutika. Phanuel akaanza kuweka tone la ile rangi yangu.

Na hakuwa anaitoa. Alisema iachwe hapo. Mteja akishangaa, anamwambia, "Hiyo ni sahihi yangu. Ikikusumbua, ukiona hiyo maruni, njoo unidai mimi." Mtu akirudisha cheni yenye tone lile, anainoa tena bila kuuliza ilikata nini. Hata kama ni mawe. Mimi nilikuwa namgombeza, namwambia wewe Baba Valentine unafanywa mjinga. Ananiambia, "Alama ni alama, Sella." Vijana wakaanza kuziita cheni za maruni. Mpaka Dagoretti huko walikuwa wanajua.

Sasa, Isaac. Isaac ni ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wa mama yetu. Nilimbeba mgongoni kule Vihiga nikiwa mimi mwenyewe bado nalialia. Alipomaliza shule na kukosa la kufanya, nikamwita Nairobi, na Phanuel akamweka kando yake akamfundisha. Mikono yake ilikuwa myepesi, shida ilikuwa haraka. Phanuel alikuwa anamwambia, "Wewe unanoa kama mtu anayefukuzwa." Baadaye akapata mke, akahamia Raila, kule Kibera, akafungua kazi yake kando ya barabara karibu na Nyayo Highrise: kuchomelea milango, kunoa visu, kunoa cheni kwa grainda ya umeme. Siku aliyoondoka hapa, Phanuel alichukua kichupa kitupu cha dawa ya macho, akakiosha, akammiminia nusu ya ile rangi. Hakutoa hotuba yoyote. Lakini Isaac alilia, na mimi nililia, kwa sababu tulielewa amepewa jina.

Laiti ningeimwaga yote kwenye mtaro.

Huko Raila kuna kikundi cha vijana cha uokoaji. Moto ukitokea, gari la zimamoto haliwezi kupita kwenye vile vichochoro, kwa hivyo wao ndio wanaofika kwanza. Mwenyekiti wao anaitwa Ken. Wafadhili waliwaletea power saw, si hizi za kukata miti, ni ya kutoboa kuta na paa watu wakikwama ndani. Na cheni yake ilikuwa na meno ya kabaidi.

Nisiseme uongo, ile cheni ilikuwa kitu. Phanuel alinieleza akiwa na furaha ya mtoto. Cheni ya kawaida ikigusa mchanga mara moja, makali yamekwenda. Ikikuta msumari, umeizika. Lakini hii, kwenye ncha ya kila jino kumebandikwa kijipande cha madini magumu kuliko chuma, na inakula misumari, inakula mabati, inakula udongo, na bado inaendelea. Cheni zingine zingekuwa zimenolewa mpaka meno yakaisha, na hii bado.

Wale wafadhili walisema inakaa sana na makali. Ken na watu wake wakasikia haiishi makali milele. Ndiyo shida ya watu wakipewa kitu kizuri. Wakaanza kuikodisha. Mtu anang'oa visiki vyenye mawe, anapewa. Mtu anabomoa kibanda chenye misumari, anapewa. Anayepasua kuni za hoteli, anapewa. Hakuna aliyeiangalia, si haiishi? Na ugumu ule ni ugumu wa glasi: hausuguliki upesi, lakini ukigongwa na jiwe unavunjika. Siku moja ikaanza kutoa moshi badala ya kukata. Ndipo Ken akaileta Kongo, ameambiwa kuna fundi wa maruni.

Mimi nilikuwa nakanda unga. Phanuel akaibana, akaipitishia tupa. Ile tupa iliteleza tu, ikalia kriii, na jino halikuwa na hata mkwaruzo. Tupa ndiyo iliyolika. Akaivua cheni, akaizungusha karibu na macho jino kwa jino, kisha akamwambia, "Mwenyekiti, hii siwezi leo. Inataka gurudumu la almasi, lile laini, lizunguke polepole. Unagusa kidogo, unaacha ipoe, unagusa tena. Na haya yamevunjika, yabadilishwe. Nipe muda nilitafute hilo gurudumu mjini."

"Fundi, wageni wetu wanakuja Ijumaa. Wanataka kuiona ikifanya kazi. Si una grainda? Ipige tu ing'ae."

"Grainda itaichoma. Hivi vijipande vimeshikiliwa na lehemu inayoyeyuka. Ukivipasha moto vinalegea, halafu siku ya kazi vinaruka. Itang'aa, ndiyo. Mtu akiwa ndani ya moto unataka cheni ya kung'aa?"

Ken akafyonya. Alikuwa amevaa ile fulana ya kikundi, mpya, imeandikwa jina lake mgongoni. "Mafundi ni wengi Nairobi hii, mzee."

"Wako. Waambie hivyo hivyo nilivyokuambia."

Nikacheka, mikono imejaa unga, na Ken akaniona nikicheka. Akaikunja cheni ndani ya gunia akaondoka. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sitii chumvi. Phanuel alikataa, na mimi nilikuwa pale.

Moto ulitokea wiki chache baadaye, mchana peupe, watu wengi wakiwa kazini. Mimi sikuwa Raila. Aliyenieleza ni Ojwang, kijana aliyeshika ile power saw siku hiyo, na mpaka leo ana kovu shavuni.

Kuna mama alikuwa akiitwa Mildred, fundi wa kushona yunifomu za shule. Miguu yake ilikuwa inavimba, hatembei vizuri. Moto ulianzia upande wa mlango wake. Dirisha lilikuwa na vyuma. Wakazunguka nyuma, na ukuta wa nyuma ulikuwa mbao na mabati mawili mawili, misumari tupu, maana mwanawe Okeyo alikuwa ameuimarisha kwa sababu ya wezi. Ukuta wa namna ile ndio hasa ile cheni ilitengenezewa.

Ojwang akaniambia, "Mama, iliingia vizuri. Kiasi cha kiganja hivi. Roho yangu ikatulia. Nikamwita, Mama Okeyo, tunakuja! Akaniitikia. Haki aliniitikia. Halafu nikasikia tak, tak, tak."

Meno yalikuwa yanaruka. Moja likampasua shavu. Cheni ikabaki inazunguka inasugua tu, inatoa moshi, haiumi. Walichukua shoka, walichukua nondo, walivuta mabati kwa mikono mpaka wakachanika. Ukuta ulipoanguka, Mama Mildred alikuwa ameketi chini kando ya cherehani yake, amejifunika leso usoni. Hakuwa ameungua hata kidogo. Ni moshi.

Siku ya pili wakaja Kongo. Okeyo mwenyewe, macho mekundu, na wanaume wengine, na nyuma yao, aki ya nani, Ken. Alikuja! Akasimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Okeyo akaitupa ile cheni juu ya meza ya Phanuel.

"Fundi. Hii alama ni ya nani?"

Tone la maruni lilikuwa pale, kwenye jino la kwanza. Halikuwa limeguswa hata na moto.

Phanuel akaichukua cheni. Mimi nilisimama nikijua sasa atasema, na Ken atatafuta pa kuingia. Akaizungusha mkononi polepole. Meno yaliyobaki yalikuwa yamegeuka rangi ya buluu, ile buluu ya chuma kilichochomwa na grainda. Nilimwona akiitazama ile buluu, kisha akalitazama lile tone, nene, limemwagika kidogo pembeni, tone la mtu mwenye haraka. Na mimi pia nikalijua, wakati ule ule.

"Ni yangu," Phanuel akasema.

"Uongo!" nikapiga kelele. "Wewe Ken, sema! Si ulikuwa hapa? Si alikukatalia?"

Ken akaangalia chini. Na Phanuel akageuka, akaniambia kwa Kimaragoli, kwa sauti ya chini kabisa, ninyamaze. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniambia hivyo. Nilishtuka nikanyamaza kweli.

Okeyo hakumpiga. Ningependa angempiga, mambo yangeishia hapo. Alisimama tu, akasema, "Mamangu aliitika." Kisha akaichukua cheni yake akaenda.

Ndani ya nyumba niliwaka. Nilivunja kikombe. Nikamwambia, wewe ni mzee wa kanisa, umesema uongo mbele ya watu, na uongo wenyewe ni wa kujimaliza! Akaketi kitandani.

"Isaac anakaa nao plot moja," akasema. "Choo moja na Okeyo. Ana mtoto mchanga. Watu wenye uchungu hawaulizi maswali, Sella. Mimi niko mbali, watanitukana tu."

"Na jina lako?"

"Jina langu nilimmiminia. Nilisema ukiona hii, nidai mimi. Sasa nimedaiwa."

"Na Ken je? Ken!"

"Ken hakunoa."

Ningemchapa. Mtu mwema anaweza kukutia wazimu kuliko mlevi.

Wateja hawakumaliza hata wiki. Hakuna aliyekuja kugombana. Walipita tu. Vijana niliowakopesha mandazi tangu hawajaota ndevu wakawa wanapita upande ule wa pili wa njia, cheni zao begani, wanaangalia simu. Mmoja peke yake ndiye alisema, akidhani sisikii: "Si huyo wa maruni. Alichoma mtu huko Kibich." Kibera, yaani. Phanuel aliendelea kukaa kibandani, tupa zimepangwa, vaisi tupu. Alikuwa anaifuta ile vaisi kwa kitambaa kila asubuhi. Ilikuwa inaniuma kuliko matusi.

Nikaenda kwa Isaac bila kumwambia mtu. Nilimkuta anachomelea geti. Akavua miwani, akaniona uso, akaketi chini hapo hapo kwenye vumbi.

"Dada, Ken aliniambia shem ndiye amemtuma kwangu," akasema. "Ati shem amesema mimi ndiye niko na grainda, mimi ndiye nitaweza."

"Na hukumpigia simu kumuuliza?"

"Nilifikiri ameniheshimu. Kwamba ameona kazi ngumu akasema mpelekeeni Isaac." Akapangusa kamasi kwa mkono. "Ndiyo maana nikaweka alama yake. Siku hizi nilikuwa siiweki tena, lakini hiyo niliiweka. Nilisema kazi ya shem lazima ibebe jina la shem."

Nilikuwa nimekuja na matusi mdomoni, nikayameza. Nikamwambia, Isaac, kuna mkutano wa matanga Jumamosi. Utasimama, useme Ken alikudanganya. Nitasimama na wewe, shem wako atasimama na wewe. Hawatakugusa tukiwa pale. Akasema, "Nitasema, dada." Akarudia. "Nitasema." Nikamkumbatia na vumbi lake lote, nikarudi Kawangware roho ikiwa nyepesi mara ya kwanza tangu ule moto.

Mkutano ulikuwa wa kupanga safari ya kumpeleka marehemu nyumbani Siaya. Phanuel alisema lazima aende kutoa pole. Sikumzuia, kwa sababu nilijua jambo ambalo yeye hakujua. Tukakaa kwenye benchi la nyuma kabisa. Watu walikuwa wanageuka kututazama, wananong'ona kwa Kijaluo. Ken ndiye alishika maikrofoni. Alisifu kazi ya Mama Mildred, akasema hakuna mtoto Raila ambaye hakuvaa mshono wake. Aliongea vizuri, shetani yule. Kuna akina mama walikuwa wanalia.

Isaac alikuwa upande wa pili wa hema, mtoto wake amelala mapajani. Nilimkodolea macho. Watu walizungumza, mmoja akamaliza, mwingine akaanza. Isaac hakusimama. Nilikohoa. Akaniona. Akaangalia mtoto. Mkutano ukaelekea kuisha, Ken akaita mtu wa kufunga na maombi, na mimi sikuweza. Nikasimama.

"Naitwa Sella," nikasema. "Mimi ni mke wa yule mnamwita muuaji. Bwanangu hakuinoa hiyo cheni. Alikataa. Alisema ikichomwa itaruka meno, na aliyeambiwa ni huyu ameshika maikrofoni. Nilikuwa pale, mikono yangu ikiwa na unga. Muulizeni!"

Okeyo alikuwa mbele, akageuka polepole, akamtazama Ken. Kwa mara ya kwanza nilimwona Ken akitoka jasho. Nikasema moyoni, leo ni leo.

Lakini Ken si mjinga. Aliileta maikrofoni karibu na mdomo.

"Sawa, mathe," akasema, kwa upole kabisa. "Hebu tuseme fundi alikataa. Cheni ilinolewa. Ina alama yake. Kama si yeye, ni nani aliinoa? Taja tu. Wenye maiti wako hapa."

Alikuwa anajua. Alijua ni ndugu yangu, na alijua siwezi.

Watu wote wakaningojea. Okeyo akaningojea. Nikamtazama Isaac. Alikuwa ameinamisha kichwa, anamfunga mtoto shali ambayo ilikuwa tayari imefungwa, anaifungua, anaifunga tena. Nilimsihi kwa macho. Simama. Woi, Isaac, simama tu. Nilimbeba mgongoni yule. Jina lake lilikuwa hapa, kwenye meno yangu, na halikutoka.

Ndipo benchi likasogea kando yangu. Phanuel alisimama, kofia mkononi.

"Mke wangu ana uchungu, mumsamehe," akasema. "Niliinoa mimi."

Kuna mwanamke mmoja alipiga yowe. Okeyo akaja katikati ya viti mpaka mbele yetu. Ni kijana mkubwa, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Umekuja matanga ya mamangu kuniambia hivyo?"

"Nimekuja kukupa pole. Na kukuambia hivyo."

Okeyo akamwambia, "Basi usishike cheni tena. Ya mtu yeyote. Mpaka ufe."

"Sitashika," Phanuel akasema.

Ken akaomba watu watulie, tuendelee na ratiba. Tukatoka. Tulitembea mpaka Kawangware, na mimi nilimchukia kila mtu: Ken, Isaac, Okeyo, Mama Mildred mwenyewe kwa kufa, Mungu anisamehe. Phanuel nilimchukia kuliko wote. Usiku huo alifungua vaisi kutoka mezani, akaipaka grisi ili isishike kutu, akaiingiza chini ya kitanda. Sasa kwa nini upake grisi kitu ambacho hutakishika tena?

Siku hizi anafungua geti huko Lavington, bawabu. Wale wale vijana wakija kukata mti wa tajiri wake, anawafungulia, wanapita. Ananiambia anakaa pale langoni anasikia cheni ikilia vibaya, anajua ni butu. Cheni kali hutema chenga za mbao, butu hutoa unga. Anaona unga ukipeperuka juu ya ukuta, ananyamaza. Ken bado ni mwenyekiti. Amepata fulana nyingine.

Ningeishia hapo, lakini Jumapili moja Isaac alikuja. Alikuwa hajakanyaga hapa tangu matanga. Amebeba begi, na kutoka kwenye begi akatoa cheni mpya ya kabaidi, na gurudumu la almasi bado limo kwenye karatasi lake.

"Okeyo ndiye sasa anatunza vifaa vya kikundi," akasema, macho chini. "Amenipa mimi kazi ya kunoa. Ati mimi ni jirani, ananiamini." Akamgeukia Phanuel. "Shem, sijui kulitumia hili gurudumu. Nitaharibu tena. Nionyeshe."

Nilitaka kumrushia sufuria ya mafuta. Okeyo anamwamini! Nikamwambia toka nyumbani kwangu. Phanuel akasema, "Sella, moto haujui tumekosana." Akaenda akavuta vaisi kutoka chini ya kitanda, akaipangusa grisi, akamwachia Isaac aifunge mezani. Kisha akatia mikono yake yote miwili mfukoni.

Hakuitoa. Mchana wote alimfundisha kwa mdomo. "Weka chaki jino la kwanza. Sasa gusa. Toa. Ngoja ipoe. Weka kidole, kama kinaungua, bado. Gusa tena. Polepole, hakuna anayekufukuza." Isaac alipokosea pembe, nilimwona Phanuel akiinua bega, mkono unataka kutoka, na ukarudi mfukoni. Ameahidi, basi ameahidi. Isaac alinoa huku machozi yanamtiririka mpaka puani, na alinoa vizuri, sijawahi kumwona akinoa vizuri vile. Akazunguka mpaka akalikuta lile jino lenye chaki.

"Imekuwa kali," Phanuel akasema, akiwa ameinama juu yake. "Sasa weka alama yako. Si ile ya maruni, hiyo usiitumie tena. Weka yako mwenyewe, mtu ajue wa kumdai."

Isaac alisimama na cheni mkononi. Aliniangalia mimi, akamwangalia Phanuel, akafungua mdomo. Niliacha mandazi yaungue. Nilifikiri sasa atalisema, hata kama ni kwetu sisi watatu tu.

Akaweka kidole gumba juu ya lile jino, akaifuta chaki. Akaikunja cheni, akaiingiza begini, akasema asante shem, akaenda zake.

Iko Raila sasa. Moto ukitokea tena, Mungu aepushe, itakata, Phanuel amehakikisha. Lakini uizungushe uizungushavyo, huoni tone la mtu yeyote.